Kondoo wa Relph, Kondoo wa Fearon

Jumapili, 25 Februari 2001

Kasisi ametangaza kwamba kanisa litafungwa kuanzia leo. Si kwa sababu ya dhambi zetu, alisema, ni kwa sababu ya viatu vyetu. Ugonjwa wa miguu na midomo unasafiri na matope, na hapa Skelgill kila mtu anatembea na matope yake.

Nje ya kanisa Noreen wa dukani alinishika mkono. "Utafika tu huku, Thirza. Mimi nakwambia."

"Noreen," kaka yangu Joss akamwambia, "si wewe uliyenunua sanduku zima la mishumaa ukasema mwaka elfu mbili ukiingia dunia inakwisha?"

"Cheka, Joss Relph. Cheka tu."

Joss hakucheka. Njia nzima hakusema neno, na hilo si jambo geni. Ana miaka sabini, mimi sitini na sita. Hakuoa, sikuolewa. Tangu baba afariki mimi ndiye ninayeamua: lini tuuze madume, lini tupake rangi madirisha, avae soksi zipi kwenda mazishini. Watu husema Joss Relph akiulizwa chai au kahawa humgeukia dada yake kwanza. Hawasemi uongo.

Alhamisi, 1 Machi

Ugonjwa umefika kaskazini. Redio imesema asubuhi. Joss ametandaza majani makavu getini akayamwagia dawa, na hakuna mtu wa kuingia wala kutoka. Noreen ataacha mkate juu ya ukuta.

Jumamosi, 3 Machi

Theluji.

Jumanne, 6 Machi

Simu ililia tulipomaliza chai ya jioni.

"Thirza? Ni Walter."

"Walter yupi?"

"Walter wa ng'ambo ya kijito. Kwani wewe unajua Walter wangapi?"

Nilikaa chini. Tangu majira ya baridi ya mwaka arobaini na saba hakuna Relph aliyepiga simu kwa Fearon, wala Fearon kwa Relph. Kwenye mazishi tunakaa pande mbili za kanisa. Mke wa Walter alipofariki nilipeleka keki, nikaiacha kwenye ngazi kama mwizi.

"Kondoo wangu na wenu wanakunywa kijito kimoja," akasema. "Afadhali tuambiane. Kila jioni mmoja wetu apige. Safi, au si safi. Basi. Si lazima tupendane."

"Kwetu ni safi," nikasema.

"Kwangu pia. Haya, usiku mwema."

Joss alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Nilimwambia. Akatazama dirishani, upande wa ng'ambo. "Baba angefufuka," akasema.

Jumatano, 7 Machi

Safi. Safi.

Ijumaa, 9 Machi

Safi pande zote. Walter ameuliza kama Joss bado anamimina maziwa kwanza ndipo chai. Nikamuuliza amejuaje. "Tulisoma darasa moja, Thirza. Mtu hasahau mambo ya ajabu."

Jumatano, 14 Machi

Mvua juu ya theluji. Moshi umeonekana upande wa bonde la chini, wanachoma mizoga. Upepo ukigeuka harufu inaingia hadi kwenye kabati la vitambaa. Joss hawezi kula nyama. Nampikia viazi.

Leo nimekaa nikikumbuka jinsi baba alivyokuwa akituhadithia arobaini na saba, kila Krismasi, akishashiba. Theluji ilifika juu ya kuta. Aliwateremsha majike wote kutoka mlimani kuelekea malisho ya chini, ambayo njia yake ni moja tu, kupitia geti la Fearon. Akalikuta geti limefungwa. Mzee Fearon hakufungua. Kondoo wetu walikufa wamesimama ukutani, mmoja amemwegemea mwenzake. Baba alikuwa akifika hapo anaweka uma chini. "Geti," anasema. "Geti tu la mbao." Kondoo wote tulio nao leo wametokana na wachache aliowafukua wakiwa hai.

Mlima huu hauna uzio. Kila kundi linajua kwao, na jike humfundisha mwanawe: hapa ni kwetu, pale ni kwa wengine. Hakuna mtu anayeweza kuwafundisha. Joss hupenda kusema sisi hatumiliki kondoo, wao ndio wanaotufuga. Nilikuwa namwona mjinga akisema hivyo.

Jumatatu, 19 Machi

Safi. Walter amekohoa simu nzima. Nimemwambia anywe asali. Akasema sauti yangu ni ya mwalimu mkuu.

Jumanne, 27 Machi

Kuna amri mpya. Shamba likipatwa, majirani wanaopakana nalo wanauawa pia, wagonjwa na wazima, bila kungoja. Redio ilisema kwa sauti ileile ya kutangaza matokeo ya kriketi.

Walter alipopiga hatukuanza na safi. Alisema, "Umesikia."

"Nimesikia."

"Kwa hiyo sasa, Thirza, nikipatwa mimi umepatwa wewe."

"Na mimi nikipatwa..."

"Ndiyo."

Ndipo nikamuuliza jambo ambalo sijawahi kufikiri nitamuuliza Fearon yeyote. Kwa nini baba yake alifunga geti.

Walter akauliza, "Hivyo ndivyo mlivyoambiwa?"

"Kila Krismasi."

"Geti lilikuwa chini ya theluji, Thirza. Halikuonekana hata ncha yake. Baba alichimba kutwa nzima kwa sepetu, halafu sepetu ikavunjika, akachimba kwa mikono. Unavikumbuka vidole vyake?"

Nilivikumbuka. Mzee Fearon alikuwa na vidole vitatu tu mkono wa kulia, na sisi watoto tulikuwa tukisema viwili vililiwa na dume la kondoo kwa sababu ya ubahili wake.

"Vilikufa kwa baridi," akasema Walter. "Hospitali walivikata. Isaac, baba yako, alijua. Alikuja kutazama, akasimama pale, akaondoka. Lakini wiki ileile mama yenu alikuwa ndani amelazwa juu ya meza. Baba alituambia tusijibu lolote. Alisema acheni Isaac awe na mtu wa kumchukia."

Mama alikufa kwa homa ya mapafu theluji ilipokuwa juu, na hawakuweza kumzika mpaka iyeyuke. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nakumbuka mlango wa sebule uliofungwa. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, mama na kondoo, kwa sababu baba hakuyaweka pamoja.

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Hukuniuliza. Haya. Kwangu ni safi."

"Safi," nikasema.

Sijamwambia Joss.

Jumapili, 1 Aprili

Nimemwambia Joss. Alikuwa anamnyonyesha mwanakondoo wa kwanza wa mwaka, mweusi kama makaa, mama yake hana maziwa. Hakuinua kichwa. "Nilikuwepo," akasema.

"Ulikuwepo wapi?"

"Pale kwenye geti. Nilikuwa na baba. Nilimwona mzee anachimba kwa mikono."

"Joss! Na Krismasi zote zile ulikaa kimya?"

"Ningesema nini? Baba alikuwa anahadithia."

Nilimwita mwoga. Nilimwita mambo mengine pia. Aliendelea kushika chupa.

Jumanne, 3 Aprili

Wanakondoo wanazaliwa kwa kasi. Joss analala na viatu. Safi.

Alhamisi, 5 Aprili

Safi. Walter anasema haya yakipita atakuja kunywa chai, aingie kwa mlango wa mbele, kijiji kizima kione. Nikamwambia mlango wa mbele haujafunguliwa tangu mwaka wa kutawazwa malkia. "Basi upakeni mafuta bawaba," akasema.

Ijumaa, 6 Aprili

Joss ameingia jioni, hakuvua kofia. Jike mmoja kwenye zizi la juu anadondosha mate. Amemfungua mdomo akaona kidonda kwenye ufizi, na kingine karibu na ulimi.

"Ni nini?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Anachechemea?"

"Kidogo. Labda. Matope ni mengi."

"Basi ni matope. Na mdomo umechomwa na miiba, nyasi kavu za mwaka jana zimejaa mbigili, ulisema mwenyewe. Tungoje mpaka kesho kutwa."

Simu ikalia. Tukaitazama wote wawili. Niliiinua.

"Safi?" akasema Walter.

"Safi," nikasema.

Nilipoweka simu, Joss alikuwa ameketi na mikono juu ya meza. "Nitawapigia asubuhi," akasema.

"Ukipiga watawaua wote. Wetu na wa Walter. Watakuja, hawatangoja chochote."

"Na nisipopiga, kama ndio wenyewe, kesho utakuwa shambani kwa akina Birkett, kesho kutwa bonde zima."

"Siku moja tu, Joss. Tumtazame siku moja."

"Hapana."

Sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilimtazama kama mtu aliyeingia nyumbani kwangu bila kubisha. Nikapaza sauti, nikalia, nikamwambia baba asingefanya hivyo. Akasema, "Najua baba asingefanya." Akapanda kulala.

Jumamosi, 7 Aprili

Alipiga kabla ya kifungua kinywa. Daktari wa mifugo alikuja saa nne, binti mdogo, Hester Maddox, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimtazama jike yule muda mrefu. Alichukua sampuli. Akasema majibu ya maabara yatachukua muda mrefu na kwa hali ilivyo haruhusiwi kungoja. Inambidi aamue kwa macho.

"Na macho yako yanasemaje?" nikamuuliza.

"Yanasema siwezi kusema si ugonjwa huo."

Joss aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua tayari.

Nilimpigia Walter mwenyewe. Sikutaka ajue kwa mtu mwingine. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu. "Jana ulipokuwa unaniambia safi, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Akaweka simu.

Jumanne, 10 Aprili

Nitaandika, maana nisipoandika leo sitaandika kamwe.

Walikuja asubuhi, wanaume sita na malori mawili, nguo nyeupe. Walikuwa na adabu. Mkubwa wao alivua kofia akanipa mkono, halafu akakumbuka hatakiwi kupeana mkono, akabaki hajui auweke wapi. Nilichemsha maji. Sijui kwa nini. Maisha yangu yote watu wakija kufanya kazi hapa nimewapa chai. Niliweka na biskuti kwenye sahani yenye maua, nikawapelekea uani, wakala wamesimama, wakasema asante mama.

Joss alikataa kondoo kukimbizwa. Alisema kondoo hawa hawajawahi kukimbizwa na mgeni na hawataanza leo. Aliwaita mwenyewe kutoka mlimani, kwa ule wito wake ambao ulikuwa wa baba, na wa baba yake baba. Walikuja. Hilo ndilo siwezi kulitoa kichwani. Walikuja wote, na wana wao nyuma, wamejipanga kwenye njia ile ya siku zote, wakidhani wameitiwa chumvi.

Aliwaleta mmoja mmoja. Alishika kila kichwa kwa mikono yake, akasema nacho, ndipo akamruhusu mwanamume mwenye kifaa cha kuulia. Majike kwanza. Wana walidungwa sindano. Wale waliokuwa bado tumboni, nilimuuliza Hester, akasema hawatahisi kitu. Alisema akitazama pembeni.

Nilikaa nao mpaka adhuhuri. Nikaingia ndani, nikawasha redio kwa sauti ya juu, nikamenya viazi vyote vilivyokuwemo ndani.

Saa tisa walimaliza kwetu wakavuka kijito. Nilizima redio. Ng'ambo kule hakuna aliyewaita, nadhani. Nilisikia mbwa, nilisikia watu wakipiga kelele hoi, hoi, halafu nilisikia bunduki. Joss alitoka uani akasimama, uso umeelekea ng'ambo. Mvua ilianza. Nilimpelekea koti, hakulivaa. Alisimama mpaka mlio wa mwisho. Alipoingia mikono yake ilinuka kondoo, na hakutaka kuinawa.

Jumatano, 11 Aprili

Kimya.

Jumapili, 15 Aprili

Pasaka. Redio ndiyo imeimba, sisi hapana.

Jumamosi, 28 Aprili

Watu wa kusafisha wanapiga maji kuta za zizi. Wameng'oa mbao ambazo juu yake babu alichonga majina ya mbwa wake. Joss amewasaidia kuzipakia lorini.

Nimempigia Walter. Simu ililia sana. Sikupata mtu.

Jumatatu, 7 Mei

Jua. Nyasi zimeota mpaka juu mlimani na hakuna mdomo wa kuzila. Joss anaamka alfajiri, anavaa, anakwenda mpaka zizini, anarudi, anakaa. Nikimwambia afanye jambo analifanya. Nisipomwambia hafanyi lolote. Amerudi kuwa Joss wa zamani, nami ndiyo kwanza natamani asingerudi.

Jumatano, 16 Mei

Hester Maddox amepiga simu mwenyewe. Alisema hakutaka tupate habari hizi kwa karatasi. Majibu yametoka. Hakuna ugonjwa. Si kwa jike yule, si kwa mwingine yeyote aliyechukuliwa sampuli, si kwetu, si kwa Fearon. Vilikuwa vidonda vya kawaida. Miiba, pengine.

"Bi. Relph? Bado upo?"

"Nipo."

"Kaka yako alifanya jambo sahihi. Tafadhali mwambie. Angekuwa hajapiga, na ingekuwa ndiyo..."

"Lakini haikuwa."

"Hapana," akasema. "Haikuwa." Nikasikia analia, nikamwambia akalale, mwanangu, akale kitu.

Joss alikuwa bustanini. Nilikwenda nikamwambia. Alikuwa ameshika jembe. Aliliegemeza ukutani vizuri, likateleza, akaliegemeza tena. Akauliza, "Walter anajua?"

"Watampigia na yeye leo."

Akaingia ndani akapanda chumbani.

Alhamisi, 17 Mei

Hajashuka.

Jumapili, 20 Mei

Hajashuka. Nampelekea supu, anakunywa nusu. Amelala ameutazama ukuta. Jana nilikaa pembeni ya kitanda nikamwambia maneno ya Hester, yote, kwamba ni mimi niliyetaka kufanya lisilo sawa na yeye ndiye aliyefanya sawa. Akasema, "Thirza, mara moja tu maishani nimeamua kitu."

Maisha yangu yote nimemwamulia mtu huyu kwa sababu nilidhani hawezi. Aliweza. Na hiki ndicho alichokipata.

Jumamosi, 26 Mei

Daktari amekuja kumwona, akaacha vidonge. Joss anavimeza kwa sababu nimemwambia avimeze.

Noreen anasema Walter anauza nyumba. Binti yake Gillian anamchukua kwenda kuishi naye Leeds, ghorofani. "Hataweza kukaa ghorofani," nikasema. "Sasa atakaa wapi, Thirza?" akasema Noreen, na hakuwa na utani wowote.

Jumapili, 10 Juni

Walter amekuja. Alipita mlango wa nyuma. Amekonda, kola ya shati imemzidi. Aliketi kwenye kiti cha baba, hakujua ni cha nani, na mimi sikumwambia. Nilimpa chai. Tuliongea juu ya lori la mizigo na juu ya mbwa wake, ambaye Gillian hamtaki ghorofani na atabaki kwa akina Birkett.

"Hununui wengine?" nikamuuliza. "Serikali inalipa."

"Nitanunua kondoo, ndiyo. Nitawaweka mlimani. Halafu? Siku ya pili watakuwa barabarani, siku ya tatu watakuwa baharini. Nani atawaonyesha kwao ni wapi? Mimi?" Akacheka kidogo. "Nina miaka sabini, goti bovu."

Nilimwomba msamaha kwa ile safi ya uongo. Alisema ameshasahau. Hakusahau, niliona, lakini alikuwa amechoka kuibeba.

Kisha akauliza, "Yuko wapi?"

"Juu. Hashuki. Hatashuka hata kwako."

Walter aliinuka akaenda hadi chini ya ngazi, akashika nguzo. Akapaza sauti yake ya mlimani, ile wanayotumia kuitana toka bonde hili hadi lile. "Joss! Ni Walter. Unanisikia?"

Akapaza sauti zaidi.

"Joss, sikiliza. Ningefanya vilevile. Unasikia? Ningekuwa mimi ningepiga simu asubuhi ileile. Usilale na jambo hilo."

Kitanda kililia kidogo. Hakuna kingine. Walter alingoja, mkono kwenye nguzo, halafu akachukua kofia yake.

Nilimsindikiza mpaka getini. Majani yale ya dawa bado yapo, yameoza. Alisimama akautazama mlima, wa kwao na wa kwetu, kijani kitupu, na nyasi zimefika magotini.

"Asante kwa yale uliyomwambia," nikasema.

"Ni mtu mwema, Joss. Siku zote alikuwa." Akafungua geti, akapita, akalifunga, akabaki ameshika ubao wa juu. Hakunitazama. "Ningengoja, Thirza. Nitakwambia wewe, maana siwezi kumwambia mtu mwingine. Ningengoja siku moja nimwone yule jike. Naamka nalo kila siku. Siku moja tu."

"Mimi pia nilisema hivyo," nikasema.

"Najua. Ungesema." Akavaa kofia, akashuka njia ya kijito.

Niliporudi ndani nilisikia Joss akiniita. Mara ya kwanza tangu alale kuniita mwenyewe. Nilipanda. Alikuwa amejigeuza, uso umeelekea mlangoni, macho wazi.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Thirza. Yale aliyosema pale chini. Unadhani alisema kweli?"

Alinitazama kama alivyonitazama siku zote akiulizwa chai au kahawa.

"Kweli kabisa," nikasema. "Mpaka getini alikuwa anarudia hilohilo."

Alifumba macho. Nikamfunika, nikashuka kuosha vikombe.